Neno la Wiki: Kadi ya salamu si kadi ya ithibati

Juzi nimekuta kadi kuukuu za wanaredio wa ridhaa zikiuzwa kwa jina la “kadi za salamu”. Sivyo. Kadi ya salamu tunaijua: unajaza majina ya jamaa na marafiki, unaipeleka kituo cha redio, mtangazaji anaisoma. Hizi ni kadi za QSL. Herufi hizo si ufupisho wa maneno yoyote. Ni msimbo wa telegrafu uliotungwa Uingereza mnamo 1909, maana yake “nakiri kupokea”. Watu wawili wakishapatana hewani, kila mmoja humtumia mwenziwe kadi yenye ishara za vituo vyao, tarehe, saa, masafa, na jinsi sauti ilivyosikika.

Kwa Kiswahili wengine huiita kadi hiyo “risiti” au “stakabadhi”, lakini maneno hayo ni ya fedha na mali. Mimi nashikilia ithibati, neno lenye asili ya Kiarabu kama thabiti na thibitisha. Mkusanyaji anatafuta ushahidi hasa: kadi yenye ishara inayoanza na VQ3 ilitoka Tanganyika, VQ1 Zanzibar, VQ4 Kenya, kabla hazijaja 5H na 5Z za leo.