Fahamu kioo kinachozuia joto na kupitisha mwanga

MAKUNDUCHI, kusini mwa kisiwa cha Unguja, hujulikana zaidi kwa sherehe za Mwaka Kogwa zinazofanyika kila Julai. Msimu huo upepo wa kusi hupoza nyumba. Hali hubadilika kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, ambapo anayeketi nyuma ya dirisha la kioo hulazimika kuchagua moja kati ya mawili: kufunga pazia na kukaa gizani, au kuwasha kiyoyozi.

Kiyoyozi kinahitaji umeme, na Unguja huutegemea umeme unaotoka Tanzania Bara kwa njia ya waya uliolazwa chini ya bahari. Hitilafu iliyotokea Mei 2008 ilikiacha kisiwa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Nyingine ilidumu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, uliwekwa mwaka 2013, lakini utegemezi huo haujakwisha.

Kwa sababu hiyo, teknolojia inayoweza kupunguza joto ndani ya nyumba bila kutumia umeme ina umuhimu wa pekee kwa wakazi wa visiwani. Mojawapo ni ya machujio ya mwanga yanayorekebishika, yanayotengenezwa kwa tando nyembamba juu ya kioo.

Chujio la mwanga ni nini?

Kifumbu hupitisha tui na kuzuia chicha. Chujio la mwanga nalo hupitisha miale ya aina fulani na kuzuia mingine. Miale ya jua inayoonekana kwa macho ina mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Takriban nusu ya nishati ya jua, hata hivyo, huja kwa miale ya infraredi, isiyoonekana lakini inayoongeza joto.

Kanuni yake huonekana ufukweni, pale mafuta ya injini ya boti yanapotanda juu ya maji na kutoa rangi nyingi. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando wa mafuta hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake. Baadhi ya mawimbi huongezeana nguvu, mengine hufutana. Unene wa utando ndio unaoamua rangi ipi ibaki.

Msanifu wa chujio hupanga unene huo kwa hesabu. Kwa mfano, ili utando wa oksidi ya titaniamu ulingane na robo ya wimbi la mwanga wa kijani, urefu wa wimbi hilo, nanomita 550, hugawanywa kwa mara nne ya kipimo cha kupinda mwanga cha oksidi hiyo, ambacho ni takriban 2.5. Jibu ni nanomita 55.

Kurekebishika

Chujio la kawaida halibadiliki baada ya kutengenezwa. Linalorekebishika hubadili kazi yake kwa umeme, kwa kuinamishwa, au kwa joto. Mwaka 1959 mtafiti F. J. Morin wa maabara za Bell nchini Marekani aliripoti kuwa oksidi za vanadiamu hubadilika ghafla zinapopata joto. Mojawapo, dayoksidi ya vanadiamu, hupitisha infraredi ikiwa chini ya nyuzi joto 68 za Selsiasi. Ikizidi hapo hugeuka na kuwa na tabia za metali, ikairudisha nje miale hiyo, huku mwanga unaoonekana ukiendelea kupita.

Utafiti huo umefanywa pia na Watanzania. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina uhusiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, katika utafiti wa tando za kudhibiti nishati ya jua. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka, pamoja na Gunnar Niklasson na Claes-Göran Granqvist wa Uppsala, walichapisha matokeo yanayoonesha kuwa kuchanganya magnesiamu katika dayoksidi ya vanadiamu hushusha kiwango cha joto la mabadiliko na kuongeza mwanga unaopita.

Mwaka huohuo walieleza chujio la tabaka tano, tatu za oksidi ya titaniamu na mbili za vanadiamu zikipishana. Kiasi cha nishati ya jua kinachopita katika chujio hilo hubadilika kwa takriban asilimia 12 kati ya hali ya baridi na ya joto.

Utengenezaji na vikwazo

Tando hizo hutengenezwa ndani ya chemba iliyoondolewa hewa. Gesi ya argoni, ikiwa imetiwa chaji ya umeme, hupiga kipande cha vanadiamu na kung'oa atomu, ambazo huungana na oksijeni na kutua juu ya kioo kilichopashwa moto. Oksijeni ikizidi au kupungua kidogo tu, hutokea oksidi nyingine isiyofaa.

Vikwazo bado vipo. Nyuzi joto 68 ni nyingi mno kwa dirisha la nyumba. Wolframu, ikichanganywa kwa asilimia mbili hivi, huweza kushusha kiwango hicho hadi karibu na joto la kawaida la chumba, ila hupunguza tofauti kati ya hali hizo mbili. Kioo chenyewe huwa na rangi ya manjano inayoelekea kahawia, ambayo wengi hawaipendi. Aidha, dayoksidi ya vanadiamu huharibika taratibu kwa hewa na unyevu, na kwa pwani kama ya Makunduchi ingehitaji kufunikwa kwa utando mwingine wa kinga.

Hadi vikwazo hivyo vitakapoondolewa, kazi ya kuzuia jua itaendelea kufanywa na paa la makuti, ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na kivuli cha baraza.