Wenye Vitabu vya Sheria: Kutoka Siyu hadi Riyadha

Kabla Lamu haijawa na karani wa mahakama, ilikuwa na wenye vitabu. Mirathi, talaka na nyumba za wakfu ziliamuliwa kwa madhehebu ya Shafii, na kadhi alipokwama alihitaji kujua kitabu fulani kimo nyumbani kwa nani. Aliyelijua hilo ndiye aliyekuwa mkutubi wa mji, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Tuanzie Siyu, kisiwani Pate. Katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi na mbao, na wa wanazuoni walionakili misahafu kwa wino mweusi na mwekundu. Kurasa hazikuwa na nambari. Mwandishi alilitanguliza chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na mfunga jalada akichanganya karatasi, neno lile humsuta papo hapo. Mwisho wa kitabu aliweka jina lake, tarehe ya Hijria na ombi la dua. Siyu ilisumbuana na masultani wa Busaidi wa Unguja miaka mingi hadi ikasalimu amri kwa Seyyid Majid mwaka 1863, na nyota yake ikafifia.

Elimu ikapata makao mengine Lamu, mtaa wa Langoni. Habib Swaleh bin Alawi Jamalil-Layl, sharifu aliyetoka Ngazija, alifungua darsa kwa watu wote, hata watumwa na wazao wao, jambo lililowakera baadhi ya waungwana. Msikiti wake wa Riyadha, uliojengwa karne ya 20 ilipokuwa ikiingia, ukakusanya vitabu. Vingi vilitolewa wakfu: mwenye kitabu huandika mwanzoni kwamba hakiuzwi, hakitolewi zawadi wala hakirithiwi. Hebu fikiria kitabu kinachofundisha kugawa urithi, chenyewe hakigawiki!

Kitabu mama kilikuwa Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Wakoloni nao walikihitaji. Mwanazuoni wa Kiholanzi Van den Berg alikichapisha Batavia kwa Kifaransa kati ya 1882 na 1884, kisha E. C. Howard akakigeuza Kifaransa hicho kuwa Kiingereza mwaka 1914. Basi jaji wa Kizungu alikisoma kwa mkono wa tatu, na mwanafunzi wa Langoni akakisoma kwa Kiarabu chake.

Vitabu vya chapa kutoka Cairo na Bombay vilipunguza kazi ya kunakili. Havikumwondoa mwalimu. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, alichapisha mwaka 1972 habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani. Kwangu mimi hiyo ni orodha ya maktaba zaidi kuliko orodha nyingi zenye nambari.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mtafiti Anne Bang na wenzake wa Lamu walizipiga picha hati za Riyadha kwa mradi wa British Library. Picha zilikwenda London, hati zikabaki Lamu. Leo mtu anaweza kuzifungua akiwa mtaa wa Mkomani, Lamu, au Maskati. Kuzifahamu ni jambo jingine, kwa kuwa hashia zake nyingi, yaani maelezo ya pembeni, ziliandikwa kwa mtu aliyekwisha kukaa darsani.