Sipiyu si sanduku

Mwambie fundi "sipiyu imekufa", naye atabeba sanduku zima la kompyuta. Kumbe sipiyu yenyewe, yaani kichakataji, kwa kawaida ni kipande kidogo kuliko kiberiti, kimejificha chini ya feni. Sanduku lina jina lake: kasha. Tangu Intel ilipotoa mpangilio wa ATX mwaka 1995, mazabodi (bodi kuu) ya kawaida, milimita 305 kwa 244, hufungwa kwa skrubu ubavuni mwa kasha. Pawasaplai, yaani kifaa cha kugawa umeme, zamani ilikaa juu, siku hizi aghalabu chini, na hewa huingilia mbele ikatokea nyuma. Nyaya zikisongamana, hewa hukwama. Kuyaita yote hayo sipiyu ni sawa na kuiita nyumba nzima jiko, ingawa, nakiri, joto jingi linatoka huko huko.