Ghuba ya Speke

Mkono wa Ziwa Victoria ulio kati ya Ukerewe na pwani ya Mwanza, ukiishia mashariki kwenye fukwe za Bunda, ambako mto Grumeti humwaga maji yake. Jina alilitoa mpelelezi Henry Morton Stanley mwaka 1875 kumuenzi mpelelezi mwenzake, John Hanning Speke.

Speke aliliona ziwa akiwa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na msaidizi wake wa safari, Sidi Mubarak Bombay, mtu anayestahili kutajwa kila Speke anapotajwa. Ili kupima kimo cha ziwa, Speke alichemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda juu. Alipata futi 3,740; kimo halisi ni takriban 3,720.

Speke alidai kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile, lakini London haikuridhika. Kwa barua, vitabu na mihadhara ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, Richard Burton, aliyekuwa mkuu wa msafara wa Speke, alipinga dai hilo. Mdahalo wao ulipangwa kufanyika Bath tarehe 16 Septemba 1864. Jana yake Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe.

Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua ya Lady Alice, akathibitisha kuwa ni ziwa moja. Barua yake kuhusu safari hiyo aliikabidhi kwa afisa Linant de Bellefonds. Ikachapishwa London Novemba 1875.