Waliolala Mgunda Mkali

Sisi wa Singida tukitembea na familia ni ziwa Singidani, picha mbili tatu kwenye mawe, basi. Mimi nasema tubebe turubai tukalale Manyoni. Upande ule, kati ya Ugogo na Unyanyembe, ndiko ilikokuwa nyika ya Mgunda Mkali: vichaka vya miiba, maji ya shida. Stanley aliipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Safari yake imo vitabuni. Lakini hema lake nani alilibeba? Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mtu na mzigo wa kilo 30 hivi begani! Majina ya wengi wao, jamani, hatukuyasoma darasani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia yao ikaanza kuota majani.