Dubrovnik: Bandari ya karantini yakabiliwa na wingi wa watalii

Mji wa Dubrovnik, uliopo kusini mwa Kroatia katika Bahari ya Adriatiki, ambayo ni sehemu ya Bahari ya Mediterania, ni miongoni mwa miji ya bandari inayopendwa sana na watalii barani Ulaya. Wengi huvutiwa na ukuta wa mawe wenye urefu wa takriban mita 1,940 unaouzunguka mji mkongwe, na wapo wanaofuata mandhari waliyoyaona katika tamthilia ya Game of Thrones. Hata hivyo, suala la nani aingie mjini humo na kwa masharti gani ni la zamani kuliko utalii wenyewe.

Kwa karne nyingi mji huo ulijulikana kwa jina la Ragusa. Ulitoka katika himaya ya Venice mwaka 1358 na kupata mamlaka ya kujitawala chini ya ufalme wa Hungaria, kisha ukawa jamhuri ndogo iliyoongozwa na koo chache za kikabaila. Mkuu wa dola alishika madaraka kwa mwezi mmoja tu, akiishi katika jumba la serikali bila ruhusa ya kutoka isipokuwa kwa shughuli rasmi. Kiasi hicho ndicho walichohofia mtu mmoja kujilimbikizia madaraka. Mwaka 1416, jamhuri hiyo ilipiga marufuku biashara ya watumwa. Ilipozungukwa na Dola ya Uthmaniya, haikupigana bali ililipa kodi ya kila mwaka kwa Sultani, na kwa malipo hayo wafanyabiashara wake wakapata njia ya kuingia katika masoko ya Balkani.

Bandari iliyoishi kwa biashara haikuweza kufunga milango yake, hata tauni ilipoenea. Mwezi Julai mwaka 1377, Baraza Kuu liliamuru kwamba wanaotoka katika maeneo yenye tauni wasiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mmoja katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji jirani wa Cavtat. Amri hiyo inahesabiwa kuwa miongoni mwa sheria za kwanza za karantini duniani. Muda huo baadaye uliongezwa kuwa siku 40, na neno lenyewe “karantini” linatokana na hesabu hiyo katika lugha ya Kiitaliano. Majengo ya Lazareti, yaliyojengwa katika Karne ya 17 kwa ajili ya kuwatenga wasafiri na bidhaa zao, bado yamesimama nje ya lango la Ploče, upande wa mashariki.

Tetemeko la ardhi la Aprili 6, 1667 liliua maelfu ya watu na kubomoa sehemu kubwa ya mji. Jamhuri iliendelea kuwapo hadi mwaka 1808, ilipofutwa na majeshi ya Napoleon, na mwaka 1815 eneo hilo likakabidhiwa Austria.

Mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Miaka 12 baadaye, wakati wa kuvunjika kwa Yugoslavia, ulizingirwa na kupigwa mizinga, shambulio kali zaidi likiwa la Desemba 6, 1991. Paa nyingi za vigae ziliharibiwa. Vigae vipya vinatambulika hadi leo kwa wekundu wake ulioiva kuliko vya kale.

Ukarabati ulirudisha watalii, lakini si wakazi. Wanaoishi ndani ya ukuta wamepungua kutoka takriban 5,000 mwaka 1991 hadi chini ya 2,000, kwa kuwa nyumba nyingi zimegeuzwa makazi ya kupangisha wageni na maduka ya mahitaji ya kila siku yamewapisha wauza zawadi. Baada ya UNESCO kuonya kuhusu msongamano, uongozi wa mji ulikubaliana na kampuni za meli za kitalii kupunguza idadi ya meli zinazotia nanga kwa wakati mmoja, na kupanga saa za kuwasili ili abiria wasiingie langoni kwa mkupuo.