Christ Church Zanzibar: Kanisa Lililojengwa Juu ya Soko la Watu

Wasee wengi wakitua Zanzibar hukimbilia bichi. Lakini pale Mkunazini, Mji Mkongwe, kuna mjengo wenye stori nzito kuliko zote: Kanisa Kuu la Anglikana, Christ Church.

Kabla ya kanisa, hapo palikuwa soko. Bidhaa? Watu. Juni 1873, Sultani Barghash alibanwa na Waingereza hadi akatia sahihi mkataba wa kulifunga. Wamishonari wa UMCA wakachukua ploti, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa.

Mwenye kusimamia mjengo alikuwa Askofu Edward Steere. Paa ndilo lilitia watu baridi: limepinda kama pipa lililopasuliwa katikati, saruji ikichanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wengi walidhani litaanguka. Mpaka leo liko ngangari. Ukiingia, cheki nguzo za karibu na mlango, zimesimama kichwa chini. Inasemekana mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini.

Madhabahu nayo, kwa simulizi ya hapo, iko mahali ambapo watumwa walifungwa na kuchapwa. Steere alifariki 1882, akazikwa nyuma yake.

Ila usidanganyike, soko kufungwa hakukumaliza utumwa. Amri ya kuufuta Zanzibar ilikuja 1897, miaka 24 baadaye. Ndiyo maana nje kuna sanamu za watumwa shimoni, minyororo shingoni. Ukipita hapo, usikimbilie selfi. Simama kwanza.